Miaka Sita

Mwalimu wa zamu pale langoni alikuuliza,
"Unaingia la nne?"
Ukainua kidole kimoja
kama mtu anayekiri deni.
Darasa la kwanza.
Akacheka, akamwita mwenzake waje wacheke wawili.
Mama akafungua fundo la kitenge,
akatoa cheti cha kuzaliwa kilichokunjwa mara nane,
kina doa la mawese palipoandikwa Murhula,
na tangu siku hiyo haendi popote bila hicho.

Mimi nina miaka tisa na nakufika begani.
Kwenye ngazi za Kadutu watu husema,
"Wewe kaka mtu, mshike mdogo wako asiteleze."
Unaniangalia. Nakupa mkono.
Ushahidi nilionao ni mmoja tu:
Mama anaitwa Mama Nabintu,
haitwi Mama Murhula.

Najua unavyojikunja.
Darasani wamekuweka benchi ya mwisho, ukutani,
pamoja na waliorudia mwaka mara mbili;
wanakuita Papa, wanakuuliza bei ya saruji.
Siku ya foto ulipiga magoti katikati ya waliosimama
na hakuna aliyegundua,
ila mimi niliyefua suruali:
duara mbili za udongo mwekundu,
haziondoki hata kwa sabuni ya mche.

Sokoni muuza sambaza alikunyima kile kisamaki cha kuonja.
"Ni cha watoto," akasema, akanipa mimi.
Nikala
huku unanitazama.
Kichwa chake bado kimenikaa kooni.

Na bomba linapokauka
wewe unatumwa na bidoni ya lita ishirini, mimi na ya tano,
nami nasema moyoni, acha abebe, si ana mwili?
Mwili, ndiyo.
Lakini usiku unageukia ukuta kunyonya gumba,
na radi ikipasuka huko upande wa Idjwi
miguu yako mirefu inaitafuta yangu chini ya blanketi,
baridi kama samaki wa alfajiri.

Jirani alikuja kuomba chumvi, akakupiga kofi la mgongo:
"Dume hili! Mtalioza lini?"
Ukacheka kama unavyotakiwa kucheka.
Jioni nikakukuta nyuma ya choo na kipande cha makaa,
umejipima mlangoni,
alama juu ya alama juu ya alama,
na ile ya juu kabisa
unaifuta kwa mate.

Sikusema kitu. Nilirudi ndani kama sijaona.

Jumamosi tulitoka arusini Bagira, usiku, mvua imetangulia.
Gari likatushusha chini ya ngazi.
Wewe ulikuwa "umelala."
Kope zinachezacheza,
na aliyelala hashiki kipande cha keki namna ile.
Nikasema, "Mama, anajifanya."
Mama akakutazama kitambo,
mvua ikimdondokea kutoka kwenye kilemba kipya.
"Mvue viatu," akasema, "uvibebe wewe."

Akachuchumaa kwenye matope na nguo yake ya arusi.
Akakutupia mgongoni, akakaza kitenge,
kitenge hakikutosha, akaongeza mtandio.
Akainuka mara ya kwanza akashindwa.
Akainuka.

Nyayo zako zilimgonga magoti kila hatua.
Mtu mmoja aliyekuwa akishuka na tochi
akatumulika wote watatu, akasimama:
"Sasa mama, huyu mkubwa si atembee?"

"Ana miaka sita," Mama akasema,
na safari hii
mkono haukwenda kwenye fundo la kitenge.
Akapita.

Mimi nyuma na viatu vyako,
matope yamevifanya vizito kama matofali,
nahesabu ngazi ili nisione wivu.
Kwenye ya arobaini na moja
ulifungua jicho moja juu ya bega lake,
ukaniona,
ukalifumba.